Antena Kwenye Mlango wa Mama

Nilianza kuijenga ile antena kwa hasira. Wengine wakikasirika hufua nguo, wengine huenda kanisani. Mimi nilitafuta mbao, misumari na waya. Naeleza hapa hasira hiyo ilitoka wapi, kwa sababu watu wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, wamekwisha kuieleza kwa namna zao, na sijasikia hata mmoja aliyepatia.

Ilikuwa mchana, msimu wa mvua. Mimi na Mama tulikuwa tumekaa barazani tukichambua maharagwe. Siku hizo sikuwa na kazi. Ofisi nilimokuwa nikiandika hati za mizigo ya maboti ya Bukavu ilikuwa imefungwa tangu vita viingie mjini, na patron wetu, mwenye ofisi, alikuwa amevuka mpaka na funguo mfukoni. Redio za FM tulizozoea nyingi zilikuwa zimenyamaza. Zilizobaki zilipiga muziki, na katikati ya muziki zilisema mambo ambayo hata mtoto alijua hayakuandikwa na mwandishi wa habari. Basi habari tulizipata kwenye simu, kwa sauti za watu tusiowajua, zikirushwa kutoka kundi hadi kundi.

Simu yangu ikalia. Lilikuwa kundi la familia. Sauti ilikuwa ya mwanaume anayehema: "Batu ya Goma, gazi ya ziwa imeanza kutoka. Mulima nao unapasuka. Mukimbie njia ya Sake sasa hivi, musibebe kitu." Aliyeituma kwenye kundi alikuwa kaka yangu mkubwa, yaya wetu, anayekaa Himbi, humu humu mjini. Chini ya ile sauti aliandika: Toeni Mama haraka.

Sisi hatubishani na habari ya mlima. Mawe meusi ya ua wetu yalishuka kutoka kule juu yakiwa moto, na nyumba tuliyokuwa nayo kabla ya hii iko chini yake. Na kuhusu gesi, kila mtu hapa amekwisha kuambiwa kwamba siku ikitoka ziwani hakuna atakayebaki wa kusimulia. Nilimwaga maharagwe. Nilimvisha Mama koti langu, nikafunga mlango kwa kamba kwa sababu kufuli sikuiona, tukatoka. Avenue nzima ilikuwa imepata sauti ileile. Mama mmoja alikuwa amebeba godoro, mwingine amebeba kuku watatu wakiwa hai.

Tulitembea pamoja na ule umati. Kabla ya kufika Mugunga, kwenye njia hiyo ya Sake, motari mmoja wa pikipiki aliyepakia watu wanne alipita kwa nguvu ubavuni kwetu, Mama akaruka pembeni, ndara ikamtoka, akaanguka juu ya mawe. Nilisikia mfupa. Watu waliniambia baadaye kwamba haiwezekani mtu kusikia mfupa wa nyonga ukivunjika katika kelele kama zile. Mimi nilisikia. Nikapiga magoti, nikapaza sauti, na watu wakaendelea kupita, wengine wakimruka Mama kama gogo lililoanguka njiani. Siwalaumu. Nami ningekuwa mbele au nyuma kidogo, ningemruka mama wa mtu.

Aliyesimama alikuwa mwanaume mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, iliyojaa makaa. Akashusha magunia mawili akayaacha pale pale barabarani, akamlaza Mama juu ya yaliyobaki, tukasukuma wote wawili hadi Mugunga. Tukaingia katika ua wa kanisa uliokuwa umejaa watu. Mvua ikaanza. Mama hakulia. Aliuma ncha ya kitenge chake, akaniangalia tu.

Jua lilipozama, muzee mmoja aliyeketi karibu nasi alitoa redio ndogo ndani ya koti, akaanza kuigeuza mikononi, huku na huku, akitafuta upande unaosikika. Ilikoroma, ikapiga mluzi, halafu ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili kilichonyooka, cha Tanzania: "...wataalamu wanaochunguza volkano hiyo wamesema hakuna dalili yoyote..." Ikazama. Muzee akaigeuza tena. "...wakazi wa mji wa Goma wametakiwa kurudi majumbani..." Ikazama, na mara hiyo haikurudi.

Nilikaa pale na mvua inanipiga shingoni. Mlima ni wetu. Ziwa ni letu. Mguu uliovunjika ni wa mama yangu. Lakini kwamba hakuna kilichotokea, tumeambiwa na dada aliyekaa kwenye kiti chake mbali huko mashariki, tena nusu nusu, kwa bahati ya redio ya muzee. Mjini kwetu hakukuwa na mtu mmoja wa kutuambia neno hilo.

Nikatoa simu ili nimwambie yaya. Nilipofungua kundi la familia, mahali palipokuwa na ile sauti palikuwa pameandikwa kwa Kifaransa kwamba ujumbe umefutwa. Na yale maneno yake, Toeni Mama haraka, nayo yamefutwa. Chini yake hakukuwa na kitu.

Ukweli wa jambo hilo niliupata hospitalini, siku Mama alipofanyiwa operesheni. Aliyeniambia ni mke wa yaya, bila ubaya wowote, tukiwa tumekaa kwenye benchi. "Sisi hatukutoka," alisema. "Yeye aliuliza kwa bureau ya kazi yake, bakamwambia ile mambo ni bongo. Tulikuwa tunakula, hata."

"Aliuliza saa ngapi?"

"Palepale. Alipomaliza kutuma tu."

Palepale. Yaani sisi tulikuwa bado hatujafika hata barabara kubwa. Alijua kwamba ni bongo, ni uongo, akaona haya, akafuta, akaendelea kula. Hakuandika neno moja, Rudini. Simu ilikuwa mkononi mwake.

Sikumwambia kitu siku ile. Mama alikuwa ndani, na yaya ndiye aliyesimamia mambo ya hospitali tangu mwanzo hadi mwisho, hilo silikatai. Lakini kila nilipomwona anapita koridoni na koti lake zuri, anawapa madaktari mkono, meno yangu yaliuma.

Tulimrudisha Mama nyumbani, akalazwa katika chumba chake, akaambiwa asisimame mpaka daktari aseme. Mama yangu ni mtu ambaye alilea watoto sita huku akiuza samaki wa Kivu kwa miguu. Sasa aliwekwa kitandani anatazama mabati. Na hofu ikamwingia. Kila kelele ya nje aliinua kichwa.

"Banakimbia?"

"Hapana Mama. Batoto banacheza mupira."

"Kama banakimbia, mimi mutaniacha hapa."

Hakuwa ananiuliza. Alisema kama mtu anayesema kesho ni Jumatatu. Nikimwonyesha simu kwamba hakuna habari mbaya, aligeuza uso ukutani. Simu ndiyo iliyomvunja mguu.

Jumapili yaya akaja na zawadi. Ilikuwa redio mpya nyekundu yenye taa zinazobadilika rangi, inayoingia kadi ya muziki. Akaiweka kwenye meza ya Mama, ikapiga nyimbo za kwaya hadi kuta zikatetemeka.

"Inakamata petites ondes?" nikamwuliza. Ndivyo Baba alivyoziita zile stesheni za AM zinazotoka mbali.

Akacheka. "Dada, nani anasikilizaka petites ondes leo? Hii iko na Bluetooth."

"Mama anataka habari, hataki taa."

"Habari mutazisoma kwa simu."

Nilitoka nje. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na tanki la maji. Habari mutazisoma kwa simu. Yeye, kati ya watu wote wa dunia hii, ndiye wa kutuambia hivyo.

Siku hiyo hiyo nikatoa sanduku la marehemu Baba. Baba alikuwa karani Bukavu, na alipenda redio kuliko chakula. Redio yake ilikuwa ndani, imefungwa kwa shati, na pamoja nayo fremu ndogo ya mbao, ukubwa wa sinia ya chai, imezungushiwa waya mwembamba mara nyingi, na kwenye kona moja kidude cha kuzungusha kama kile kinachochagua stesheni. Hiyo ndiyo ilikuwa antena yake. Haiungwi na redio kwa kitu chochote. Unaiweka karibu nayo, unazungusha kidude mpaka sauti inapanda, kisha unaigeuza fremu yenyewe. Ukingo wake ukielekea kwenye stesheni, sauti inakuja. Ukiipa stesheni uso mzima, sauti inakufa. Tulipokuwa wadogo tuligombania kuigeuza.

Nilinunua mawe ya redio, yaani betri, nikangoja jua lizame, kwa sababu mchana stesheni za mbali hazifiki. Ilisikika kidogo. Yule dada wa Tanzania alikuwepo, lakini kama mtu anayeongea ndani ya maji, na juu yake kulikuwa na mlio mmoja mkali usiokatika. Mlio huo ulitoka kwa jirani wa upande wa ziwa, anayechaji simu za watu kwa mashine ya sola. Fremu ya Baba ilikuwa ndogo mno. Bukavu ya zamani haikuwa na mashine hizo.

Basi nikaamua kujenga kubwa.

Waya niliupata ofisini kwetu. Mlinzi alikuwa bado analinda mlango wa ofisi isiyokuwa na kitu, na aliponiona alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Juu ya dari ulikuwa unaning'inia waya wa internet, ule mnene wenye nyuzi nane ndani yake. Nikamwomba, akasema, "Chukua, mama. Internet yenyewe ilikufa." Nilikaa siku mbili nachuna ngozi ya ule waya kwa kisu cha jikoni, natenganisha nyuzi, naziunga. Vidole vilinitoka damu. Kila uzi niliouvuta nilimwambia yaya jambo moja, kwa sauti, kule nyuma ya nyumba, peke yangu. Jirani akadhani nimechanganyikiwa.

Nikapigilia mbao mbili zikapishana kama msalaba, kila moja ndefu kuliko mimi, nikazisimamisha uani katika ndoo ya mawe. Nikazungusha waya mara nyingi kama alivyozungusha Baba, nikihesabu kwenye fremu yake. Nikahamisha kile kidude. Jua likazama. Nikaleta redio karibu, nikazungusha, nikazungusha. Hakuna. Chini kabisa ya namba kulikuwa na mkoromo uliopanda na kushuka, lakini kwenye stesheni niliyoitaka, kimya. Nilipiga teke ile ndoo. Niliumia kidole cha mguu, na hilo likaniongezea.

Asubuhi yake, nikisaga unga wa Mama, ndipo nikafikiri. Fremu ndogo, waya mizunguko mingi. Kama fremu ni kubwa, kila mzunguko mmoja una waya mwingi zaidi, kwa hiyo mizunguko mingi imezidi, imeivuta antena yote chini ya stesheni ninayoitaka. Nikaanza kupunguza. Nilitoa mzunguko mmoja, nikajaribu jioni. Nikatoa mwingine, nikajaribu. Nilipobakiza kama nusu, nilizungusha kidude na sauti ya mwanamke ikasimama uani kwetu kana kwamba ameingia getini. Alikuwa anasoma matangazo ya vifo vya watu wa Kigoma. Nikaigeuza ile fremu taratibu mpaka ukingo wake ukaelekea mashariki, na mlio wa mashine ya jirani ukapungua, ukapungua, ukaisha.

"Nani huyo?" Mama akaita dirishani.

"Ni Tanzania, Mama."

"Mwambie aongee nguvu."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Mugunga. Nikasogeza kila kitu hadi chini ya dirisha lake, na jioni ile Mama alisikia habari zote, za bei ya korosho, za mpira, za bunge la watu wengine, na mwishoni neno moja la Goma: mji ulikuwa tulivu. Akalala bila kuniuliza kama watu wanakimbia.

Watu wakaanza kuja. Kwanza jirani mmoja, kisha mkewe, kisha nusu ya avenue, wamekaa juu ya mawe na watoto magotini, wanasikiliza saa moja ya jioni, kila mtu kimya. Habari zikiisha, wanasema aksanti, wanakwenda. Hakuna aliyelia wala kucheza. Ilikuwa tu kwamba kuna mtu anazungumza ambaye hakutaka kitu kutoka kwetu.

Haikudumu. Asubuhi moja chef wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, aligonga geti. Ni mtu mpole, tunamheshimu. Hakutaka kuketi. Akaiangalia antena kutoka juu hadi chini.

"Hii machini ni ya nini, mama?"

"Ni antena, papa chef. Ya redio."

"Batu banasema inatumaka habari."

"Haitumi. Inapokea tu. Haina hata kuran, haina umeme, angalia, haijaungwa kwa kitu."

"Mimi najua. Lakini benyi bunduki bakipita hapa, utabaeleza hivyo? Watakungoja umalize?" Akashusha sauti. "Uitoe leo. Tafazali."

"Nani aliyekwambia? Jirani yupi? Wote wanakuja hapa kusikiliza."

Akaangalia miguu yake. Hakutaka kusema, na mimi sikumwachia njia. Nilisimama kati yake na geti.

"Ni ndugu yako mwenyewe," akasema. "Wa Himbi. Alinipigia simu. Aliogopa juu yenu."

Sitaandika maneno niliyoyasema chef alipoondoka. Niliitoa ile antena kwa mikono, sikutumia nyundo, nikang'oa misumari na kuvunja ubao mmoja kwa mguu. Mama alikuwa anaita, "Kuna nini? Kuna nini?" na mimi sikumjibu, na kosa hilo la kumnyima jibu, mtu aliyelala asiyeweza kuja dirishani, nililibandika pia kwenye hesabu ya yaya.

Nilipotulia niliingia, nikamweleza. Nilingoja akasirike pamoja nami. Akasema, "Sasa nitasikilia wapi?"

"Wamekataza, Mama."

"Walikataza uani. Ndani ni kwangu."

Nyumba yetu ni ya mbao, redio inaingia bila taabu. Nikapigilia misumari kwenye ukuta wa chumba chake, ule wenye mlango, ukiwa na nafasi pana kando ya mlango, nikazungusha waya hapo. Ilikuwa kazi bure. Ukuta ule ncha moja inaelekea mlimani, ncha nyingine ziwani, kwa hiyo mashariki niliipa uso mzima. Stesheni haikusikika hata kidogo, na mlio wa jirani wa ziwani uliingia mzima mzima. Na ukuta haugeuki. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nimeshika koleo, karibu nilie.

Mama alikuwa anautazama ukuta. Halafu akatazama mlango, uliokuwa wazi nusu.

"Ule unageuka," akasema.

Mlango ni mbao tupu, mrefu kuliko mimi, na ukipima, nafasi yake ni kubwa kuliko hata ile fremu niliyovunja. Nikauzungushia misumari ukingoni, nikapitisha waya, nikapunguza mizunguko tena, nikafunga kidude karibu na kitasa, na redio ya Baba nikaining'iniza kwenye kitasa chenyewe ili iende popote mlango uendapo. Jioni niliuvuta taratibu. Ulipokuwa umefungwa, mlio mtupu. Ulipofunguka robo, mluzi. Ulipokuwa karibu kufunguka wote, ukingo wake unaelekea mashariki, sauti ikaja, na Mama akanyoosha mkono: "Hapo! Acha hapo! Rudisha kidogo. Hapo!"

Tangu siku hiyo ilikuwa amri yake. Saa moja, mlango unawekwa mahali pake na jiwe chini, na mtu yeyote asiuguse. Majirani waliotaka kusikia waliketi katika salon yetu, sebuleni, wachache wachache, na Mama amelala chumbani mlango wazi, kila mtu anamwona na shuka lake, na hakujali.

Yaya hakuwa na habari. Alikuja Jumatano moja kutoka kazini, saa ya habari. Alivua viatu, akasalimia watu wa salon, akaingia kwa Mama, na kama mtu aliyelelewa vizuri, akasukuma lile jiwe kwa mguu na kufunga mlango nyuma yake. Sauti ya Tanzania ikakatika katikati ya neno. Mlio wa jirani ukajaa nyumba nzima.

"Fungua mulango!" Mama alipiga kelele ambayo sikujua bado anayo. "Wewe mwanaume, fungua mulango yangu!"

Nilifika nikaufungua mwenyewe. Yaya alikuwa amesimama katikati ya chumba, anaangalia misumari, waya, redio ya Baba inabembea kitasani.

"Mumeleta ile kitu ndani ya nyumba? Mimi nilifanya nguvu ya kuwaokoa, na nyinyi—"

"Kutuokoa na nini?" Nilisema. Watu walikuwa wanasikia salon, na sikupunguza sauti. "Ulitukimbiza mbio hadi Mugunga. Ulipojua ni bongo, ulifuta. Ulikuwa unakula. Mama alikuwa bado ana miguu miwili, yaya. Neno moja tu. Rudini. Vidole vyako vilikuwa na nini?"

Akamwangalia Mama. Nadhani alitumaini Mama hajui. Na kweli Mama hakuwa anajua, nilikuwa nimemficha. Nilimwona anaelewa, polepole, uso wake haukubadilika, mikono tu ilikunja shuka.

"Nilipata haya," yaya alisema. "Nilifikiri mutasikia kwa wengine."

"Wengine nani?"

Redioni yule dada alikuwa anasoma hali ya hewa ya ziwa Victoria. Tulisimama wote tunasikiliza mawimbi ya mita ngapi sijui, kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya.

"Kaa chini," Mama akamwambia hatimaye. "Unaziba njia."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki hadi habari zikaisha. Kisha akavaa viatu, akaenda. Mama aligeuza uso ukutani usiku ule, na kesho yake pia. Mimi nilidhani nitajisikia nafuu baada ya kusema yote mbele ya watu. Sikupata nafuu. Nilikuwa nimemvunja Mama mahali pengine, na hilo nalo nikalikasirikia, na nilipotafuta wa kumkasirikia nilikosa.

Mwezi uliofuata ile sauti ikarudi. Si ileile, lakini ndugu yake: gesi, mlima, kimbieni. Mchana tena. Nilisikia avenue inaanza, mageti, kina mama wanaita watoto. Nikaingia kwa Mama. Alikuwa ameketi, ameshikilia fimbo ambazo daktari alikuwa amempa juzi.

"Tutangoja habari za saa moja," akasema.

"Na kama ni kweli?"

"Basi wewe uende. Mimi nangoja saa moja."

Sikwenda. Niliogopa sana, nikakaa chini karibu na kitanda chake. Majirani wengine walikwenda. Wengine, zaidi ya nilivyofikiri, waliingia salon wakaketi na mizigo yao mapajani. Simu yangu ilitetemeka. Alikuwa yaya, si kwenye kundi, kwangu mwenyewe: Redio ya Mama inasema nini?

Nilitaka kuiweka simu kifudifudi na kumwacha angoje hivyo, akiwa na watoto wake mlangoni na viatu miguuni, ajue. Nilitamani sana. Halafu nikaandika: Bado. Saa moja.

Habari zilikuja. Walisoma za kwao zote kwanza, na watu salon walikuwa hawapumui. Mwishoni yule dada akasema kwamba uvumi umeenea tena Goma na kwamba wanaochunguza volkano wameukanusha. Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wote wakaongea kwa pamoja. Nikashika simu, nikaandika kwa yaya na kwa kundi zima: Ni bongo. Kaeni. Nilikuwa bado na hofu, na bado nilikuwa na hasira, na yote mawili yaliingia katika yale maneno matatu.

Siku hizi Mama anatembea hadi getini na fimbo moja. Yaya anakuja Jumapili, anabisha hodi mlangoni kwa Mama na kungoja aambiwe apite vipi asiusogeze. Tunazungumza juu ya shule ya watoto wake, juu ya dawa, juu ya bei ya makaa. Jumapili iliyopita alianza kusema kitu. Alisema, "Dada, ile siku," akasimama. Habari zilikuwa zimeanza, na Mama akamwonyesha kwa kidole anyamaze. Zilipoisha nilimngoja. Nilizima redio makusudi, nikaketi mbele yake. Akauliza kama mabati ya jikoni bado yanavuja.

Nikamwambia yanavuja. Akasema ataleta fundi.